Bomba la Saa Saba

Jumapili, 6 Aprili

Kwa binti yangu, dereva wa greda, huko kambini kwenye barabara isiyokwisha,

Lori la mafuta likikuletea barua leo, fungua hii kwanza. Najua shangazi yako kakuandikia, mkuu wa kituo cha watoto kakuandikia, na wote wawili wanaisimulia vibaya. Shangazi yako anasema mwanao Meneja kalowanisha magodoro matatu. Muongo. Ni moja na nusu, na hilo nusu ni la mtoto anayelala pembeni yake, na hapo sina uhakika maji yalikuwa ya nani. Mkuu anasema mtoto "hajaandaliwa nyumbani." Hapo ndipo nilipotaka kuvua shati.

Sasa isikie kwa mwenyewe.

Mjukuu wangu nimemfundisha poti kwa siku nne. Nne! Wazee wenzangu hapa barazani wanasema wajukuu zao walichukua miezi. Siku ya kwanza aliivaa kichwani kama kofia ya mhandisi, akazunguka nyumba nzima ananikagua. Siku ya pili akamkalisha mwanasesere, yeye kasimama pembeni kashika kiuno. Siku ya tatu tukaelewana. Siku ya nne anakuja mwenyewe, ananivuta kidole: "Babu, kazi." Anakaa, anamaliza, anasimama, anainama kuangalia, anasema, "Safi." Halafu kumwaga ni mimi. Ndiyo umeneja huo.

Unaniuliza kama nimefuata ile karatasi ya kituo uliyonibandikia ukutani: akalishwe baada ya kula, asubiriwe dakika tano, asifiwe, asilazimishwe, asitafutiwe ujanja. Nimeifuata neno kwa neno. Shule niliiona kwa nje tu, nikiunga bomba lake la maji, lakini kusoma nilijifunza kwenye maandishi ya mabomba, na sijawahi kufunga koki kinyume.

Nyumbani mtoto mkavu. Kituoni analowa, wakati wa usingizi wa mchana, kila siku ya Mungu. Sasa wa kulaumiwa ni nani? Yule binti wa chumba cha wadogo, wanayemwita Dada. Kimya kimya, muda wote anaandika kwenye kidaftari. Mtu wa kuandika namna hiyo anawakalisha watoto saa ngapi?

Usiwe na wasiwasi. Najua tarehe moja Julai Meneja anatimiza mitatu. Najua asiyekuwa mkavu hahamii chumba cha wakubwa, nafasi yake anapewa mwingine. Najua hilo likitokea itabidi ushuke kwenye greda urudi nyumbani, na ukirudi kabla mkataba haujaisha mwishoni mwa Agosti, ajira ya kudumu uisahau. Nimelibeba. Baba yako aliwahi kuziba bomba la inchi sita kwa shati lake mwenyewe, mji mzima ukitazama. Atashindwa na kikojo cha mtoto?

Ni mimi baba yako,
Fundi


Jumatatu, 14 Aprili

Shikamoo baba,

Huku ni vumbi tu. Leo nimechonga kilomita mbili, na jioni hii nikitafuna chochote nasikia mchanga. Barua zote tatu nimezisoma. Yako nimeisoma ya mwisho, makusudi, maana ndiyo yenye chumvi nyingi na nilitaka kwanza nijue mboga yenyewe ikoje.

Baba, kuna kitu hakiniingii. Mkuu anasema Dada humkalisha Meneja kila siku kabla ya kulala. Anakaa dakika kumi, anaimba, anasimama bila hata tone. Halafu akishalala, saa saba na kitu, shuka zima. Mtoto aliyeiva kwa siku nne anashindwaje kutoa tone kwenye poti ya pale?

Nakuuliza kwa upole: hakuna ujanja uliomfanyia? Kama upo niambie tu, nitacheka na yaishe. Tuwaambie kituoni na wao wajue la kufanya. Mimi hapa nikifika nusu ya siku nasimamisha mashine nawaza tarehe moja Julai. Kuna wanawake wawili tu kambi nzima wanaoendesha mashine, na wanaume wote wanatusubiri tushindwe.

Mbusu Meneja. Na tafadhali usimwandikie mtu barua. Nakujua ukishika kalamu.

Mwanao


Jumatano, 23 Aprili

Kwa Mkuu wa Kituo,

Mimi ndiye babu wa Meneja. Tena mimi ndiye niliyeweka mabomba ya jengo lako lote, wakati huo likiwa ghala la nguo, wewe hujulikani uko wapi. Maji unayonawa mikono yanapita kwenye kazi yangu.

Mjukuu wangu anajua poti kuliko watu wazima kadhaa ninaowafahamu, na majina ninayo. Kwako analowa kwa sababu Dada wa chumba cha wadogo hamkalishi. Nimesimama dirishani mara mbili, nimeona kwa macho yangu: watoto wamelala, yeye anaandika. Mtoto yuko kwenye mkojo, yeye anaandika. Anamwandikia nani?

Sisemi umfukuze. Nasema tu kwamba nimeongea na wazazi wengine pale getini, na wao wanauliza.

Fundi Mkuu (nimestaafu, sijafa)


Ijumaa, 2 Mei

Shikamoo Babu,

Karatasi hii nimeiweka kwenye begi la Meneja, chini ya nguo za kubadilisha. Leo kazi yangu hapa imeisha. Mkuu ameniita saa nne asubuhi, akanisomea barua yako mbele ya watoto na mpishi.

Sitaki kubishana na wewe. Lile daftari ni la watoto: nani kala, nani kakohoa, nani kalowa na saa ngapi. Watoto ni kumi na sita na kichwa changu ni kimoja, ndiyo maana naandika.

Meneja hulowa kati ya saa saba na robo na saa saba na nusu. Mwezi wa Aprili ameamka mkavu siku sita. Jana nimezitazama hizo siku, na zote sita umeme ulikuwa umekatika mchana. Umeme ukiwepo, saa saba pampu inawashwa, na bomba linalopita ndani ya ukuta wetu linalia shwaaa mpaka tangi la juu lijae. Sijui nini kinahusiana na nini. Wewe ni fundi, labda utaona nisichokiona. Naomba umwambie mkuu, maana mimi hanisikilizi tena.

Jambo jingine. Akilowa, mimi namgeuzia godoro haraka na kumvalisha nguo kavu kabla wenzake hawajaamka. Kwa hiyo hajawahi kuchekwa. Nimemwachia maagizo mlezi anayekuja, sijui kama atayafuata.

Kwaheri Babu,
Dada wa chumba cha wadogo


Jumapili, 8 Juni

Binti yangu, dereva wa madereva,

Marahaba za barua zote ambazo sikuzijibu. Egesha greda pembeni, zima injini, isome hii umekaa.

Siku kumi za kituo mfululizo, Meneja mkavu! Mkavu kama karatasi hii. Mkuu kanipa mkono mbele ya watu, kasema chumba cha wakubwa kinamsubiri tarehe moja. Niliwaambia nini? Binti yule kaondoka, mtoto kakauka. Sasa barazani wamebaki kukohoa. Yule mzee fundi viatu, aliyeniambia nimezoea kupiga domo, juzi kanipisha kiti.

Sikufichi, pale katikati palikuwa na siku mbaya. Mlezi mpya ana sheria zake: aliyelowa anabeba shuka lake mwenyewe mpaka uani, wenzake wakimtazama. Meneja alibeba. Akirudi nyumbani alikuwa hanivuti kidole tena, anakwenda kukaa nyuma ya mlango anasema, "Meneja mchafu." Lakini yamepita. Watoto husahau.

Kingine kidogo tu: tarehe ishirini na tatu Mei pampu ya kituo iligoma, wakaniita. Wangemwita nani mwingine? Nimeitengeneza na nimewahamishia saa ya kuiwasha. Sasa inajaza tangi asubuhi, watoto hawajafika. Ni kwa afya ya mota. Mchana mota inachemka.

Wewe chonga barabara yako. Huku nimemaliza.

Baba yako,
Fundi asiyeshindwa


Jumapili, 15 Juni

Mama Meneja, habari za kazi,

Hatujawahi kuonana vizuri, ulikuwa unamleta mtoto alfajiri na kuwahi gari. Mimi ni Dada niliyekuwa chumba cha wadogo. Anwani ya kambi nimepewa na mpishi wa kituo.

Nina ombi moja. Nimeomba kazi kwenye vituo viwili. Kote wameniuliza swali lile lile: "Wewe siyo yule uliyekuwa unawaacha watoto kwenye mkojo?" Maneno yamenitangulia kufika. Naomba uniandikie mistari miwili tu, kwamba mwanao sikumtesa. Mzazi mwenyewe akisema, labda watanisikia.

Nakuwekea humu ukurasa wa Aprili kutoka kwenye daftari langu, upande wa Meneja. Utaona siku alizolowa na siku alizokuwa mkavu, na pembeni nimeandika kama umeme ulikuwepo. Nilimwandikia Babu kuhusu pampu siku ile ile niliyoondoka, tarehe mbili Mei. Hakunijibu, najua ana mambo mengi. Mpishi ananiambia sasa pampu inawashwa asubuhi na Meneja halowi tena. Nimefurahi sana. Nilikuwa namuwaza.

Kwa sasa napiga pasi kwa dobi, karibu na stendi.

Dada


Jumanne, 24 Juni

Baba,

Shikamoo nitakupa siku nyingine.

Barua ya Dada niliisomea juu ya greda. Mbele yangu lori la maji lilikuwa linamwaga maji barabarani, kulaza vumbi. Na mimi mama mzima nikabana miguu, nikaruka chini, nikakimbilia choo cha kambi. Ndivyo kila siku. Wenzangu wamegeuza kichekesho: lori likifungua maji, dereva wa greda lazima ashuke. Siku zote nilidhani nina kibofu kibovu. Nilipokuwa humo chooni ndiyo nikakumbuka bomba la uani, na wewe unalifungulia kwenye ndoo, unaniambia, "Haya, shindana nalo, tuone nani anamaliza kwanza." Meneja umemfundisha vile vile, karatasi ya kituo ikiwa ukutani inakutazama. Kisha kila saa saba wanamlaza mtoto ubavuni mwa bomba linalomwaga maji.

Hilo ningecheka, baba. Nilikuahidi nitacheka.

Lakini karatasi ya Dada uliipata tarehe mbili Mei, na pampu umeihamisha tarehe ishirini na tatu. Mara hii nimehesabu mimi. Wiki tatu ulikuwa unajua. Wiki tatu ulimvalisha mwanangu nguo safi asubuhi, ukamshika mkono, ukampeleka kubeba shuka. Akirudi anajificha nyuma ya mlango anajiita mchafu, na wewe uko sebuleni na jibu mfukoni. Halafu ukaniandikia kwamba watoto husahau.

Na yule binti wa watu ulimchongea, unga wake ukamwagika, na badala ya kukuchukia alikuandikia jinsi ya kumsaidia mjukuu wako.

Mwandikie mkuu ukweli, bila inchi sita na bila shati. Kisha nenda kwa Dada kwa miguu yako. Mistari miwili aliyoniomba nimemwandikia kurasa mbili.

Jumapili hii shangazi anakuja kumchukua Meneja. Atakaa kwake hadi nirudi. Usibishane naye mlangoni mbele ya mtoto.

Mama Meneja


Jumapili, 6 Julai

Mwanangu,

Sina marahaba ya kuitikia, hukuniamkia. Ni haki yako.

Meneja kahamia chumba cha wakubwa Jumanne. Nilikwenda nikasimama ng'ambo ya barabara, shangazi yako asinione. Kaingia na begi lake mgongoni, hakugeuka nyuma. Nafasi yake ipo. Greda yako ipo. Hilo angalau limesimama.

Sasa nakusimulia hadithi hii kwa mara ya mwisho. Ile karatasi ya ukutani niliifuata siku mbili. Siku mbili nimekaa kwenye kigoda nasubiri dakika tano, nasifia hewa. Siku ya tatu nikafungua bomba ninawe mikono, nikasikia nyuma yangu chururu. Meneja mwenyewe alishangaa! Nikaona nimepata dhahabu. Tangu hapo akisema "Babu, kazi," mimi nafungua bomba, na yeye anafungua lake. Ningekuambia. Lakini nilikuwa nimeshatangaza barazani kwamba ni kipaji.

Karatasi ya Dada niliisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Nilielewa pale pale. Lile bomba nililipitisha mimi ukutani, maana enzi za ghala hapakulala mtu pale na njia ile ilikuwa fupi. Bomba langu, ujanja wangu, mjukuu wangu, barua yangu. Hapakuwa na mtu mwingine ndani ya kosa lile. Na hilo la kusimama dirishani nikamwona anaandika, sikusimama. Daftari nililiona mara moja, getini, mkononi mwake.

Nilitaka kwenda kesho yake. Naapa nilivaa viatu. Lakini niingie nikiwa nani? Nikasema nitasubiri pampu iharibike, niitwe, niingie na spana mkononi kama mtu mwenye heshima zake, niibadilishe saa kimya kimya, basi. Asubuhi nampeleka Meneja nasikiliza kama imegoma. Haijagoma. Kesho yake, haijagoma. Mwanangu, maisha yangu yote nimejisifu kwamba nikifunga pampu haiharibiki. Ile ilikaa wiki tatu nzima.

Mkuu nimemwandikia kama ulivyosema. Kasoma mbele yangu, kacheka mpaka kafuta macho, kawaita wenzake waje wasikie. Nikamwuliza, "Na Dada je?" Kasema nafasi imeshajazwa. Nikamwambia basi waambie wazazi. Kasema, "Mzee, mambo yametulia, ya nini kuyachokoza?"

Nikazunguka mwenyewe kwa wale wazazi niliowajaza maneno. Nyumba saba. Na hapo ndipo nilipolipwa. Nikianza tu, "Kuna siku nilimfundisha mjukuu wangu poti kwa bomba," wanavuta viti. Wanaita na majirani. Nikifika sehemu ya binti aliyefukuzwa wanashika mbavu, wanadhani ni kisa changu kingine. Mama mmoja kaniambia, "Babu, hiyo ya pampu umeitunga vizuri!" Nikasema sijatunga. Akacheka zaidi. Mmoja tu, baba wa yule mtoto wa lile godoro la nusu, ndiye ambaye hakucheka. Kaniambia, "Na mimi nilimsema vibaya kila mahali." Kisha kafunga mlango.

Kwa Dada nilikwenda jana mchana. Pale kwa dobi pana joto la kukausha mate, mashati yananing'inia hadi mlangoni. Nilimwambia yote, nimesimama, bila kuongeza hata tone. Kuhusu dirisha nilimwambia. Kuhusu wiki tatu nilimwambia. Akasikiliza, akaweka pasi pembeni, akasema, "Nimekusamehe, Babu. Wewe ni mzee wangu." Nikatoka pale nimepata hewa.

Meneja akilala kwako Agosti, mwambie Babu yupo. Kama hutaki kumwambia, sawa.

Baba yako

Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua tena. Yote humo ni kweli isipokuwa kitu kimoja. Hakusema amenisamehe. Hiyo nimeiongeza njiani nikirudi, na nilipofika nyumbani nikaona imekaa vizuri nikaiandika. Pasi hakuiweka chini. Alimaliza lile shati, kola na mikono, akalikunja, akavuta jingine.